Ukungu Juu ya Boneti

Jumamosi, 4 Oktoba 2003

Mtu anachezea gari yangu, na nitamjua.

Naandika ili siku ya kumshika niwe na tarehe mkononi. Nilikaa stoo ya kiwanda kule Athi River mpaka nikastaafu, na stoo ilinifundisha kwamba kitu hakipotei chenyewe. Kuna mtu amekichukua, na mara nyingi ni yule anayekuamkia kwa heshima kila asubuhi.

Gari ni Pijo 504, rangi ya bluu nzito ambayo zamani ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Carol, binti yetu wa pekee, anaolewa Desemba na Levi wa Mitaboni. Nilisimama mbele ya kamati ya harusi nikasema hakuna gari ya kukodi itakayokanyaga lango langu hapa Katoloni. Nitampeleka mimi, na gari hii, nikiendesha mwenyewe. Carol alikuwa mtoto wa mapengo nilipomwahidi, na hakuna siku amesahau.

Kwa hivyo leo nimefanya kazi. Nimeiosha kwa sabuni laini, nikaikausha kwa fulana zangu za zamani, nikaisukuma mpaka kwenye kivuli cha tangi, maana ukipaka dawa kwa jua inakaukia hapo hapo na kukwaruza. Kwanza nikapaka silanti ambayo Carol alinitumia kutoka Nairobi. Hiyo ndiyo inafunga rangi maji na jua zisiingie. Inapakwa nyembamba, unaiacha ikauke iwe nyeupe-nyeupe, halafu unaifuta. Waksi itakuja kesho juu yake. Watu wengi hapa hupaka waksi nene kama wanasiliba nyumba halafu wanashangaa imegeuka unga.

Nilifuta mpaka mabega yakauma. Lakini nilipoinuka kuangalia boneti, ukungu bado ulikuwepo. Nikafuta tena. Bado. Sio silanti hiyo. Kuna kitu kilipakwa kabla yangu.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya kanisa nimepiga waksi. Ukungu uko.

Jumapili, 12 Oktoba

Jirani yangu Kang'ethe amenisimamisha nje ya kanisa. Ana duka la vyuma na misumari, na mwaka jana aliniuliza kama nauza Pijo. Nikamwambia hapana, akacheka, akasema hata yeye angekataa. Leo ameniuliza, "Mzee Muindi, siku hizi gari unaiendesha usiku?"

Nikamuuliza swali hilo linatoka wapi.

"Nauliza tu," akasema. "Hiyo barabara ya kutoka stendi imeharibika."

Mtu haulizi tu. Anataka kujua saa ngapi gari inalala na saa ngapi haina mwenyewe. Tena nimekumbuka, mafundi wake wa dukani husafishia mikono mafuta ya taa, na mafuta ya taa ukipitisha juu ya rangi inang'aa siku moja halafu inafifia kabisa. Gari ikififia, bei inafifia. Mimi sio mtoto.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kalekye ametoka asubuhi na pikapu ya Kang'ethe. Mke wangu, na pikapu ya Kang'ethe. Ameniambia ni mambo ya kamati. Kamati hukaa Jumapili.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua imefika. Imeanzia upande wa milima ya Iveti, ikashuka na upepo, na harufu ya mchanga ikaingia mpaka jikoni. Kila mtu alikimbilia kuanua nguo. Mimi nilikimbilia kwenye gari.

Maji yalisimama juu ya boneti kama shanga. Nilipopuliza, yakakimbia. Hapo nilifurahi sana, nakubali. Silanti imeshika. Lakini chini ya zile shanga ukungu ulikuwa vilevile, na sasa nauona hata kwenye milango. Nimemwita Kalekye aje aone. Akasimama kando yangu na kanga kichwani, akaangalia gari, halafu akaniangalia mimi.

"Iko safi, Baba Carol."

"Hii yote nyeupe huioni?"

Aliniambia niingie ndani nisinyeshewe, kwa ile sauti ya upole anayowasemeshea wagonjwa. Mwanamke wa miaka thelathini kwenye ndoa haniongeleshi kwa upole bila sababu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimepata ushahidi. Kiti cha dereva kimesogezwa mbele. Mimi ni mtu mrefu. Leo nilipoingia, magoti yaligonga usukani. Gia nayo ilikuwa kwenye pili, na mimi siachi gari kwenye pili hata niwe nimelala. Na kando ya mkono wa mlango kuna alama za vidole, vidole vidogo.

Ufunguo hutundikwa kwenye msumari nyuma ya kalenda. Tangu leo unalala mfukoni mwangu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kalekye ametoka na pikapu tena. Alitafuta kitu nyuma ya kalenda kabla ya kutoka. Nilikuwa nimeketi nyuma ya gazeti nikimwangalia. Alidhani nasoma. Siku hizi magazeti yanachapishwa kwa wino mbovu, sioni mtu anasoma nini.

Jumanne, 28 Oktoba

Jumanne na Alhamisi. Daima Jumanne na Alhamisi. Na havai viatu vyake vya kamati, anavaa raba za shamba. Mwanamke anakwenda mjini akiwa na raba za shamba, anakwenda kufanya nini?

Nilimuuliza tulipokuwa tunakula muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Akasema miguu inamuuma. Nikaacha chakula mezani. Sijui kwa nini naandika hili, lakini iko: tumekula pamoja tangu Carol hajazaliwa, na leo nilimwangalia mezani nikashindwa kujua anafikiria nini.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimepiga waksi upya, gari nzima. Bure.

Halafu nilipokuwa nairudisha nyuma nimekwaruza nguzo ya lango. Nguzo hiyo niliisimamisha mwenyewe nikijua upana wa gari. Mtu ameisogeza. Nimekwenda kupima kwa hatua. Ardhi kando yake ilikuwa laini, lakini mvua inalainisha kila mahali, kwa hivyo siwezi kuapa.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua kutwa. Hakuna aliyekuja karibu na gari. Ukungu umezidi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemaliza maneno na Kang'ethe.

Alikuwa kwake anamwaga maji yaliyotuama kwenye turubai la simenti. Mkewe Wangui alikuwa barazani akichambua maharagwe. Nilimwamkia Wangui, kwa sababu yeye hajanikosea, halafu nikamwambia mumewe mbele yake kwamba najua.

"Unajua nini, mzee?"

"Kwamba unataka gari yangu ichakae ndio nikuuzie kama chuma. Na kwamba unambeba mke wangu kwa pikapu yako bila kuniambia mimi."

Wangui aliacha maharagwe. Kang'ethe alisimama na ndoo mkononi. Nilingoja akane, au akasirike. Mtu aliyesingiziwa hukasirika. Nimeona wengi stoo. Yeye alitazama chini, akasema polepole, "Gari yako sijaigusa. Hiyo ya pikapu, muulize mama."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nimeahidi. Muulize mama."

Ameahidi. Jirani yangu amemwahidi mke wangu kitu, na mimi mwenye nyumba sikijui. Nilimwambia asikanyage harusi ya Carol. Wangui akasema, "Baba Carol, usiseme hivyo," na mimi nikasema nimeshasema.

Nimerudi kwangu. Sikumuuliza Kalekye. Niliogopa atanijibu.

Jumatano, 12 Novemba

Hatuongei. Mvua pia imenyamaza.

Jumapili, 16 Novemba

Carol amepiga simu kwa jirani wa juu, nikaenda kupokea. "Baba, gari inaendeleaje?" Nikamwambia inang'aa. Nimemdanganya mtoto. Mtu huyu anayechezea gari yangu amenifanya mpaka nimdanganye mtoto wangu.

Kutoka huko giza lilikuwa limeanza kuingia, na kila taa ya mjini ilikuwa imevaa pete. Hata umeme wamechakachua siku hizi.

Jumamosi, 22 Novemba

Nitaandika polepole.

Asubuhi nilikwenda kwa mafundi wa rangi nikanunua kompaundi, ile ya kusugulia, inayokula rangi ya juu. Nilijua ni hatari. Ni dawa ya kutoa uchafu uliokataa dawa zingine zote, na ukishaitumia, silanti na waksi lazima zianze upya. Lakini harusi imebaki wiki tatu na sikuwa na njia nyingine. Kalekye alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Nikaanza katikati ya boneti, pale ukungu ulipokuwa mbaya zaidi.

Nilisugua, nikafuta, nikaangalia. Nyeupe. Nikaongeza kompaundi, nikasugua. Nyeupe. Kitambaa kilikuwa kimegeuka bluu, nikasema sawa, huo ndio uchafu unatoka. Nilikuwa na furaha, hiyo ndiyo naona haya kuandika. Nilikuwa nasema na huyo mtu kwa sauti, namwambia leo nakutoa, leo unatoka.

Sikumsikia Kalekye akija. Alinishika kifundo cha mkono.

"Wacha. Umefika kwa chuma."

Nikamwambia aniachilie, bado kidogo. Alichukua kidole changu, akakipitisha juu ya boneti. Pale pote palikuwa laini, halafu kidole kikashuka kidogo, kikaingia mahali pakavu, penye unga, pana kama sahani. Rangi ilikuwa imekwisha. Ile ya kijivu ya chini, inayopakwa kabla ya bluu, nayo ilikuwa imekwisha katikati.

"Ni Kang'ethe," nikasema. "Dawa yake ndiyo iliyolainisha rangi."

"Hakuna dawa ya Kang'ethe."

"Basi huu ukungu ni wa nani? Tangu Oktoba nausugua. Wote mnasema hamuuoni. Mnaniona mjinga?"

Hapo alinigeuza kwa mabega, kama anavyomgeuza mtoto amfunge vifungo. Tulisimama karibu sana, povu la sabuni likiwa bado kwenye mikono yake.

"Niangalie mimi," akasema. "Mimi niko na ukungu?"

Nikamwangalia. Sijui mara ya mwisho nilimwangalia lini, namna hiyo, bila kutafuta kosa. Nilitafuta kovu lake dogo la kwenye nyusi, la jembe, alilonalo tangu msichana. Sikuliona. Uso wake ulikuwa umefunikwa na kitu kama moshi wa jiko.

"Uko nao," nikasema.

"Kwani na mimi Kang'ethe amenipaka mafuta ya taa?"

Aliuliza akilia, na mimi nikacheka, kicheko kibaya, kisha nikakaa juu ya bampa. Alikaa pembeni yangu. Akaniambia yote. Kwamba tangu mwezi wa saba ananiona nikimimina chai nje ya kikombe. Kwamba nilipokuwa natoka stendi jioni moja karibu nimgonge mtu wa mkokoteni, na Kang'ethe alikuwa nyuma yangu na pikapu akaona. Alikuja kumwambia Kalekye, kwa sababu alijua mimi nitamfukuza. Na Kalekye akamwomba amfikishe shule ya udereva mjini, Jumanne na Alhamisi, akiwa na raba za shamba kwa sababu hawezi kusikia klachi na viatu vya kisigino. Ile siku ya kiti na gia, alikuwa anajizoesha ndani ya Pijo, injini ikiwa imezimwa, mimi nikiwa nimepeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mtu akikuambia kalamu imeanguka unauliza nani ameisukuma."

Tulikaa hapo mpaka nguo alizoacha kwenye beseni zikapoa.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 27 Novemba

Daktari wa macho ameniwekea kamwanga kadogo, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ugonjwa umekomaa. Hutolewa kwa upasuaji. Tarehe nimepewa ya Januari. Nikamuuliza kama hawezi kunipasua kabla ya tarehe kumi na tatu Desemba. Akasema hapana. Na kuendesha gari? Akasema, "Mzee, hata kuvuka barabara ungoje ushikwe mkono."

Kalekye alikuwa kwenye kiti kingine. Nilijua anaangalia mfuko wangu, ambapo ufunguo uko.

Jumatano, 3 Desemba

Kalekye amepita mtihani wa udereva wa polisi. Alikuja na habari hiyo akasimama mlangoni kama mtoto wa shule. Nilitaka kusema vizuri. Nilichosema ni, "Gari ya shule sio Pijo." Akaingia jikoni.

Ufunguo bado uko nami. Nimesema nitampeleka Carol. Watu wote wa kamati walisikia. Nikikaa kando siku hiyo, ndugu zangu watasema mambo gani? Barabara ya Mitaboni naijua nikifumba macho. Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, na sikuipenda.

Ijumaa, 12 Desemba

Carol amefika. Nyumba imejaa wanawake na sufuria. Nimemkuta jioni nje, amesimama mbele ya boneti, kwenye ule mduara wa chuma. Kalekye ameupaka rangi ya kopo ili usipate kutu, lakini naambiwa sio bluu ile.

Nilimwambia kesho nitaendesha polepole. Hakubishana. Alisema, "Baba, dada yako Syombua amefika. Yule pale kwa lango. Msalimie."

Nikainua mkono, nikaita, "Syombua, karibu."

"Baba," akasema, "hilo ni blanketi tumeanika kwenye nguzo."

Alinishika mkono baada ya hapo, na alikuwa analia kuliko mimi.

Jumapili, 14 Desemba

Naandika kwa herufi kubwa, kurasa zitaisha upesi.

Jana asubuhi nilitoka mapema na ndoo. Kalekye aliosha, mimi nikakausha. Silanti alipaka yeye nikimwambia: nyembamba, mama, nyembamba, kama unapaka mtoto mafuta. Ukungu wa silanti ulipokauka nikamwambia afute pale atakapoona weupe, na aache pale asipoona. Waksi hatukuwahi.

Halafu mtu akakohoa langoni. Nilimjua kwa kikohozi. Kang'ethe alikuwa amebeba maua na utepe, na Wangui nyuma yake na gundi.

"Najua ulinikataza," akasema. "Tunafunga haya kwenye boneti tunarudi kwetu."

Shada waliliweka juu ya ule mduara, wakalifunga kwa utepe mpaka kwenye vioo. Nilipitisha mkono. Pamefunikwa kabisa. Nikamwambia, "Kang'ethe, mtakuja kwa gari gani?" Akasema pikapu. Nikasema basi ifuate nyuma yetu karibu, isije ikapotea. Zaidi ya hapo sikuweza. Alinishika bega, kwa hivyo nadhani ilitosha.

Syombua na wanawake wenzake walifunga lango kwa kanga zao, wakiimba kwamba msichana hatoki mpaka baba yake aseme kwa mdomo wake nani anampeleka. Hiyo ndiyo desturi yetu, na kila mtu alikuwa ananiangalia mimi na mlango wa dereva. Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilikuwa bado nasema moyoni kwamba naijua barabara.

Carol akaja mbele yangu na gauni lake. Nilimwona mweupe tu, nguo na uso pamoja. Nikamwomba asogee. Akasogea, akasogea tena, mpaka pua yake ikagusa yangu, ndipo nikaona macho yake. Nilimkalisha mtoto huyu juu ya boneti hii alipokuwa na mapengo. Na nilitaka kumwingiza barabarani nikiwa sioni, kwa sababu tu nilisema mbele ya kamati.

Nikatoa ufunguo. Nikawaambia wanawake, "Mama yake anampeleka. Mimi nitakaa naye mbele, nimwonyeshe gia." Syombua akapiga vigelegele vya kupasua sikio, na lango likafunguka.

Injini ilimzimikia Kalekye mara moja tulipokuwa tunapanda mlima. Sikusema neno. Karibu na Mitaboni mvua ikatukuta, nzito, na mkono wake ukakaza kwenye gia. Nikaweka wangu juu ya wake, tukashusha pamoja kwenye pili. Tulifika kanisani na matope mpaka madirishani.

Watu walipokuwa wanamtoa Carol chini ya miavuli, mimi nilibaki nyuma kidogo. Nikaweka kiganja juu ya paa la gari. Sikuweza kuona kitu. Lakini chini ya kiganja niliyasikia maji, tone moja moja, yamesimama kila moja mahali pake. Nikapuliza, yakakimbia kwenye vidole vyangu.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo tumepiga waksi. Kalekye amesugua, amefuta, akasema amemaliza, inang'aa kila upande. Mimi nikapita na kiganja. Juu ya tairi la nyuma nikamwambia hapa umeruka.

"Wapi? Sioni kitu."

"Ndio nakwambia weka mkono."

Akauweka kando ya wangu. Akaenda kuchukua kopo la waksi.

Kang'ethe amepita langoni, ameuliza tena kama nauza. Nimemwambia aulize dereva.